Mkono Mfupi wa Lemuel Stackpole

Jumatatu, 1 Mei 1944

Leo Jeshi la Marekani limetambua kwamba haliwezi kushinda vita hii bila mimi. Limechelewa, lakini nimelisamehe.

Ilikuwa hivi. Nimekaa kwenye benchi la studio, Mtaa wa Gower, pamoja na waigizaji wenzangu wa kujazia, wale wa kupita nyuma ya nyota wakibeba masanduku. Miaka kumi na tisa niko kazi hii. Kisogo changu kinajulikana Marekani nzima! Nimezama na meli mbili, nimeungua na Roma, nimesimama nyuma ya Napoleon karibu kiasi cha kumpumulia shingoni. Uso wangu ndio haujawahi kupata nafasi. Wivu wa waongozaji tu.

Mara wakaingia wanajeshi wawili. Mmoja Luteni Kessler, kijana mwembamba wa miwani, anayetengeneza filamu za jeshi. Mwingine koplo wake. Nikamsikia luteni akilalamika kwamba anatafuta watu wa ukaguzi wa mkono mfupi, na kila anayeambiwa anakimbia.

Mkono mfupi! Nusura nianguke benchini. California nzima nani ana mkono mfupi kunizidi? Wangu wa kushoto umepungua upana wa vidole vitatu. Watu nawaambia ni kombora la Mjerumani, Ufaransa, mwaka 1918. Kama ni nyumbu wa baba yangu kule Missouri, hilo linatuhusu mimi na nyumbu.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya gwaride, Luteni, mkono mfupi mnaoutafuta ni huu hapa! Nikaunyanyua juu, benchi zima liuone. Koplo akashikwa na kikohozi, akatoka nje, tukamsikia akikohoa mpaka barabarani. Luteni alinitazama kutoka kofia mpaka viatu. Akauliza kama niliwahi kuwa jeshini. Nikamjibu, waulize Wajerumani.

Nimechukuliwa! Akasema filamu yenyewe ni ya askari tu, raia hawaioni, kwa hiyo nisiende kuitangaza.

Siri ya vita. Mimi, Lem Stackpole!

Jioni mezani nikatangaza kwamba nina siri ya vita. Bi. Mapes akasema kama ni siri, Bwana Stackpole, mbona unaitoa pamoja na viazi. Ana ulimi mtamu sana yule mama. Ni mwenye nyumba tunamopanga, mjane, ana mikono ya kukanda unga na macho ya kumsimamisha farasi. Nampenda kupita kiasi.

Tatizo ni kiti. Mwisho wa meza yake kipo kiti kikubwa cha mikono, cha marehemu Bwana Mapes, na hakuna mtu anayekikalia. Bi. Mapes amesema tarehe 18 Juni anatimiza miaka miwili ya ujane, dada yake atakuja kutoka Pasadena, na siku hiyo atasema nani akikalie. Kila mtu anajua maana yake: ndoa. Wagombea ni wawili. Mimi, na Burdick.

Burdick ni sajenti mstaafu. Anachechemea, ana nishani, na kila bomba likivuja ndani ya nyumba hii yeye ndiye anayelala chini yake akiguna. Kweli alikuwa Ufaransa. Lakini ukimwomba akusimulie, anasema palikuwa na tope. Basi! Vita vya dunia nzima, tope! Mimi nimemsimulia Bi. Mapes Ufaransa ambayo ukiisikia unataka kurudi.

Jumanne, 2 Mei

Nimeshindwa kuitunza siri. Ilikuwa inaniwasha.

Wakati wa chai ya asubuhi nikamwambia Bi. Mapes kwamba kati ya wanaume wote wa California, jeshi limeuchagua mkono wangu mfupi. Utakaguliwa mbele ya kamera, nikasema, ili vijana wajifunze.

Burdick akaweka kijiko chini. Akauliza pole pole, ukaguzi wa nini? Nikamrudia. Mkono mfupi, mzee, una uziwi? Akaniuliza kama nilipokuwa Ufaransa walinikagua mkono mfupi kila mwezi kama walivyofanyiwa wengine. Nikamwambia thubutu! Hakuna aliyethubutu kuukagua. Jenerali mwenyewe aliushika kwa heshima, akaupeperusha mbele ya kikosi kizima.

Burdick akacheka hadi meno yake ya bandia yakadondokea kwenye uji. Sijawahi kumwona akicheka tangu tuhamie humu. Bi. Mapes akataka kujua kinachochekesha. Burdick akasema halisemeki mbele ya mwanamke, ila tarehe 18 litasemeka tu. Akayaokoa meno yake, akaenda kumwagilia bustani ya njegere, huko nako tukamsikia akicheka.

Wivu ni ugonjwa mbaya.

Jumatano, 3 Mei

Leo nimepigwa picha. Niandike yote.

Walitupanga mstari, mimi na vijana wa kweli wa jeshi kama thelathini. Kila mmoja amevaa koti la mvua na buti. Jua linawaka! Nikamuuliza jirani yangu mvua iko wapi. Akaniambia, mzee, chini ya koti umevaa nini? Nikamjibu, suti. Akasema, lo.

Kamera ikaanza. Daktari akashika tochi, anapita mtu mmoja mmoja. Kila anapofika, kijana anafungua koti, daktari anainama, anaangaza, anasema sawa. Mimi sioni vizuri, nimesimama wa mwisho, najiandaa. Akafika kwangu. Nikakunja mkono wa koti, nikautoa wa kushoto kwa mbwembwe zote.

Daktari akautazama. Akaumulika na tochi. Akasema, siyo huo, mzee.

Nikatoa wa kulia.

Hapo mstari mzima ukavunjika. Kuna kijana alikaa chini kabisa kwenye vumbi, na kwa vile alivyovaa haikuwa busara. Luteni Kessler alivua miwani akafuta machozi. Koplo ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza sikioni. Kumbe mkono mfupi ni jina la utani la askari. Ni kile kiungo ambacho mwanamume hakionyeshi kwa mwongozaji wa filamu. Wanakikagua kila mwezi kutafuta kaswende na kisonono, na filamu yenyewe ni ya kuwatisha vijana wasiende ovyo kwa wanawake wakiwa likizo. Akasema neno hilo kila aliyevaa magwanda analijua, tangu vita ile ya kwanza. Kila mtu, mzee.

Nikamwambia bila shaka nalijua, nilikuwa nawachangamsha vijana. Morali!

Lakini sasa sikilizeni bahati ya mtu mkubwa. Nilipokuwa natafuta kofia yangu niondoke, luteni akaniita. Alikuwa ananitazama usoni. Usoni! Akasema anahitaji mtu wa mwisho wa filamu, yule aliyepuuza ushauri akaozea hospitali. Akasema, Bwana Stackpole, una uso wa mtu ambaye hajawahi kusikiliza ushauri maishani mwake.

Nilitaka kulia. Hakuna mwongozaji aliyewahi kuniambia neno zuri kama lile.

Ijumaa nitapigwa picha ya karibu, uso ujae pazia zima la sinema. Na nina maneno ya kusema: Laiti ningalimsikiliza daktari.

Miaka kumi na tisa!

Ijumaa, 5 Mei

Pinsky, fundi wa vipodozi, alinitengenezea vidonda kwa nta ya mshumaa. Lakini akalalamika kwamba havina uhai. Akasema kabla ya vita alikuwa anaweka jamu juu, inameremeta vizuri chini ya taa, ila siku hizi jamu ni ya mgao na nani ataipoteza kwa kaswende.

Mimi nilishaliwazia hilo. Jana nilimsikia akiguna. Kwa hiyo asubuhi nilipitia kabatini kwa Bi. Mapes nikachukua chupa ya jamu ya stroberi, ile ya mwisho, anayoitunza kwa ajili ya pai ya tarehe 18. Kwa ajili ya taifa! Pinsky alinikumbatia. Akanipaka pua, mashavu, na kidonda kimoja kikubwa kwenye kidevu ambacho alisema ndicho kazi bora ya maisha yake.

Nzi walikuja, lakini luteni alifurahi, akasema waacheni.

Nikasema maneno yangu. Mara ya kwanza nikaongeza kidogo kuhusu Ufaransa na wanawake wa Paris walivyonililia stesheni. Luteni akasema kata. Mara ya pili nikaongeza jenerali. Luteni akasema kata, akatafuna penseli. Mara ya tatu akaja mpaka kitanda cha hospitali waliponilaza akaniambia taratibu, maneno matatu tu, Bwana Stackpole, halafu nyamaza, halafu fikiria kitu ulichokitaka sana ukakikosa.

Nikakifikiria kile kiti.

Nikasema: Laiti ningalimsikiliza daktari.

Nzi mwenyewe alitulia. Koplo, yule wa kikohozi, aligeukia ukutani. Luteni alisema kata kwa sauti ndogo kama ya kanisani.

Mimi ni mwigizaji. Nilikuwa najua, lakini leo wamejua wao.

Pinsky alitaka kunibandua vidonda. Nikakataa. Kazi bora ya maisha ya mtu huwezi kuifuta kwa kitambaa kabla Bi. Mapes hajaiona! Nikapanda tramu hivyo hivyo. Ijumaa jioni, tramu imejaa wafanyakazi wa kiwanda cha ndege mpaka milangoni, na mimi nikapata kiti. Nikapata benchi. Kufika kituo cha pili nina behewa zima, mimi na kondakta, naye anapiga kengele akiwa amening'inia nje. Heshima ya namna ile sijawahi kuiona.

Bi. Mapes alifungua mlango akapiga yowe. Nikamwambia asiogope, ni sanaa, na ni siri. Burdick akatokea nyuma yake na spana mkononi. Akasema, hata sisi tulisema hivyo hivyo.

Bi. Mapes amechemsha kikombe changu, sahani yangu na mpini wa mlango. Halafu akagundua jamu haipo. Kidevu changu kilikuwa chini ya pua yake kinanukia stroberi, hakushtuka! Akamgeukia Burdick, maana Burdick anajulikana kwa kupenda vitu vitamu. Burdick aliapa. Mimi nikasema ni aibu mtu mzima kuiba jamu wakati vijana wako vitani.

Siku nzuri kuliko zote.

Jumamosi, 10 Juni

Jumanne hii majeshi yetu yametua Ufaransa. Wiki tano tu baada ya mimi kuigiza. Sisemi kitu, natazama tarehe tu.

Na leo nimejua kwamba mimi ni maarufu!

Mpwa wangu Delbert, mtoto wa marehemu dada yangu, yuko kambini jangwani huko, ana siku mbili za likizo. Tulikubaliana tukutane Hollywood Boulevard. Nimefika, nimevaa tai. Mara kijana mmoja mwanajeshi, hata simjui, ananitazama, anasimama, rangi inamtoka. Alikuwa amemshika msichana mkono. Akauachia kama sufuria ya moto. Akapiga kelele, jamani, ndiye! Ndiye yule!

Wakaja wengine. Kumi, ishirini! Mmoja akanipigia saluti. Mmoja akapanda juu ya ndoo ya taka akatoa ile sauti yangu, laiti ningalimsikiliza daktari, na mtaa mzima wakaitikia. Wakaniita Baba Kaswende. Wasichana wao wakabaki wamesimama peke yao kando ya barabara wakiniangalia kwa macho ambayo sikuyaelewa. Nimetia saini kofia tisa, na bandeji moja.

Delbert nilimkuta amejificha nyuma ya kibanda cha magazeti. Akasema, mjomba, ondoka hapo. Mjomba, tafadhali. Akanisimulia jinsi filamu ilivyoonyeshwa kambini baada ya chakula cha mchana, na jinsi ambavyo hakuna atakayeionyesha tena baada ya chakula. Rafiki yake Ostrander, kijana wa shambani Nebraska, mkubwa kama ghala, mtu anayezalisha ng'ombe kwa mikono yake, uso wangu ulipotokea alianguka na kiti chake. Delbert aliwaficha kwamba tuna undugu. Akadhani atapona. Halafu usiku akaota, akasema kwa sauti, mjomba Lem. Sasa kambi nzima inajua. Wanamwita Mrithi.

Nikamwambia ajivunie. Akasema anajivunia, ila angependa kujivunia akiwa kikosi kingine.

Hapo ndipo likanijia wazo. Tarehe 18! Burdick atakuja na nishani moja ya bati. Mimi nitakuja na askari hai, wanaonijua kwa sura! Nikamwambia Delbert aje na wenzake chakula cha mchana kwa Bi. Mapes. Akasema, mjomba, nakuomba kwa jina la mama yangu, usifanye hivyo. Nikamwambia aje na Ostrander.

Jumapili, 18 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kitandani. Mambo yamekwenda vizuri kuliko yanavyoonekana.

Dada wa Bi. Mapes anaitwa Bi. Cordelia. Anaimba kwaya. Alikaa kushoto, Burdick akakaa kulia na nishani yake, Delbert na Ostrander na wenzao wawili wakajipanga upande wa ukuta. Kuku wa kuokwa, njegere za bustanini, viazi. Kile kiti kitupu kikitutazama.

Nilichukua paja. Nikalitafuna. Ostrander akaniangalia ninavyotafuna, akaweka uma chini. Wenzake wakaweka uma chini. Bi. Cordelia akauliza, wanangu, mnaumwa? Ostrander akasema, hapana mama, kuku ni mtamu sana. Ni yule mzee tu. Tunamfahamu.

Bi. Cordelia akafurahi. Kutoka vitani?

Kutoka sinema, mama, akasema Ostrander, maana kule Nebraska hawafundishwi kusema uongo. Ile ya kaswende.

Njegere zilisikika zikidondoka.

Burdick akasimama. Alikuwa amelisubiri hilo tangu Mei, masikini. Akamgeukia Bi. Mapes akasema, Winifred, muulize kuhusu mkono mfupi! Huyu hajawahi kukanyaga Ufaransa. Mtu yeyote aliyekuwa kule anaujua mkono mfupi. Tulikaguliwa kila mwezi kwa mstari, kwenye mvua. Huyu alidhani ni mkono!

Bi. Cordelia akauliza kama si mkono ni nini. Wanaume wote mezani tukamtazama kuku.

Nikajitetea. Nikasema nilikuwa kitengo cha siri, hatukukaguliwa. Burdick akapandisha sauti. Hukukaguliwa! Mimi nilikaguliwa hata wenzangu walipokwisha ruhusiwa! Wiki sita nimelala Bordeaux, wodi ya peke yetu, na sindano ya kila siku, halafu wewe unaniambia mimi habari za—

Alikuwa ameshafika mbali.

Ostrander akapiga mluzi mdogo. Bi. Mapes akauliza, wodi ya nini, Bwana Burdick? Burdick akasema ya miguu. Lakini masikio yalikuwa yameiva kama nyanya. Akakaa. Akaifunika nishani kwa kitambaa cha mezani.

Nilikuwa nimeshinda! Nusu dakika nzima nilikuwa nimeshinda. Halafu Ostrander, mtoto mwema, akataka kunisaidia. Akamwambia Bi. Mapes asiwe na wasiwasi, vile vidonda si vya kweli, wametuambia kambini, ni nta tu na jamu ya stroberi.

Bi. Mapes aligeuka polepole sana.

Jamu ya nani? akauliza.

Ajabu ya wanawake. Kaswende hakusema kitu. Ufaransa hakusema kitu. Lakini jamu! Alisema amechuma zile stroberi kwa mkono, akanyima chai yake sukari mwezi mzima ili aipike, na akamwita Burdick mwizi mbele ya uso wangu, na mimi nikaitikia. Burdick akasema kutoka kwenye kitambaa, ahsante Winifred. Bi. Mapes akamwambia yeye anyamaze na miguu yake.

Halafu akasimama nyuma ya kile kiti na kutoa hukumu. Hakuna atakayekaa hapa leo. Sheria ya California inataka damu ya bwana harusi ipimwe kabla ya ndoa, na yeye anataka zaidi ya sheria. Anayekitaka kiti alete kwanza jibu safi la daktari. Pili, aketi mezani kwake Jumapili moja, tangu supu hadi kahawa, bila kusema uongo hata mmoja.

Burdick anafunga sanduku. Nasikia akichechemea huku na huku juu ya kichwa changu. Anasema ana kaka yake Fresno mwenye mabomba mengi.

Kwa hiyo wagombea tumebaki mmoja! Delbert aliponiaga aliniambia, mjomba, anakupenda yule mama, sijui kwa nini. Lete damu tu na ufunge mdomo. Ni rahisi hivyo.

Ni rahisi hivyo!

Jumatano, 21 Juni

Kliniki. Chumba cha kusubiri kimejaa wanaume wanaotazama kofia zao. Nikawachangamsha kidogo kwa hadithi ya jenerali. Hawakuchangamka.

Mara nesi akazima taa. Akasema tutaonyeshwa filamu fupi, wameiazima jeshini.

Sikuwahi kuiona! Nikawaambia majirani wakae vizuri. Nikajinyoosha tai gizani.

Nilipofumbua macho nesi alikuwa ananipepea kwa gazeti. Wanaume wote wako juu yangu wananitazama, mmoja akisema, ni yeye, jamani, amekuja mwenyewe, maskini, kumbe ni kweli. Wakanipisha mbele ya foleni. Wawili walivua kofia.

Niseme tu kwamba Pinsky ni fundi hatari. Kidevu kile kikiwa kikubwa kama mlango wa ghala si kitu cha kumwonyesha mtu mwenye tumbo tupu. Na yale macho! Nilijua ni jamu. Niliiba jamu mwenyewe. Lakini nilitoka jasho mpaka soksi, nikaanza kuhisi kunawasha.

Daktari alikuwa mtu mpole, mzee. Akanitoa damu. Akaniuliza maswali ya kawaida. Moja sitaliandika.

Jumapili, 25 Juni

Damu safi! Daktari alisema ameona damu nyingi lakini hii ni kama ya mtoto.

Leo tulikula wawili tu. Burdick yuko Fresno. Bi. Mapes alivaa ile blauzi ya kola ya lesi. Supu ikapita, sikusema uongo. Nyama ikapita. Nilikalia mikono yangu. Mara mbili jenerali alinifika kooni nikammeza na viazi. Bi. Mapes alikuwa ananitazama, na kona ya mdomo wake ilikuwa inataka kucheka.

Kahawa ikaja. Akanyanyuka. Akakishika kile kiti mgongoni, akakivuta. Miguu ya kiti ikalia kwenye sakafu, miaka miwili haijasogezwa. Akaukung'uta mto vumbi.

Akasema, Lemuel. Lemuel! Si Bwana Stackpole! Akasema, swali moja tu, halafu uje ukae. Daktari alikuuliza nini hata ukarudi siku ile umenyamaza hivyo?

Kiti kimevutwa. Mto umewekwa sawa. Hatua tatu.

Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti ikisema kwamba daktari alitaka idadi ya wanawake wa Paris, nami nikamwambia alete karatasi nyingine, na karatasi ya pili ilipojaa nesi alilia.

Bi. Mapes hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma kidogo. Alinitazama tu, kama mtu anayeangalia tramu iliyompita. Akakirudisha kiti chini ya meza. Akachukua beseni la njegere za kumenya, akaliweka juu yake.

Lakini sijashindwa! Beseni si mtu. Beseni linaondoshwa. Na koplo wa Luteni Kessler amepiga simu leo hii hii, wanatengeneza filamu mpya kuhusu chawa, wanatafuta kichwa. Nimemwambia mimi na chawa tunajuana tangu Ufaransa, wakubwa kama karanga, mmoja alifika cheo cha koplo. Nitamsimulia Bi. Mapes Jumapili ijayo wakati wa supu. Akiisikia ile ya chawa, kiti ni changu. Itabidi tu nimtafutie Pinsky ufuta, na nimeuona kabatini, rafu ya juu, nyuma ya unga.

Kuhusu lile swali. Daktari aliuliza kama nimewahi kulala na mwanamke.

Nilimwambia bado.